Kaseti ya Mzee Uliyoianika Juani

Kwako Masereka, uliyekuwa mchumba wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako niliisikia redioni, nikiwa kibandani kwangu hapa Kasese, simu ya mteja mkono mmoja na chuma cha kulehemu mkono wa pili. Mtangazaji alikuita mvumbuzi. Ukakohoa kidogo, kama wakubwa wanavyokohoa kabla ya kutia chumvi, halafu ukaeleza jinsi ulivyotengeneza kwa mikono yako mwenyewe kaseti moja yenye gemu nyingi ndani, ya zile mashine za zamani za kuchezea kwenye televisheni. Mikono yako! Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Nikamwambia simu yake imepona.

Siku chache baadaye, bila haya, ukanitumia ujumbe wa sauti. "Switi, usikasirike. Niko na wageni wanakuja huku Kampala, wazungu wanakusanya gemu za zamani, wanataka kuona hii kitu. Nitengenezee tu moja kama ile ya mzee. Wewe unajua hizi vitu." Ndiyo, hizi vitu nazijua. Na kwa kuwa wewe ulijisifu hadharani, na mimi nakujibu hadharani, ili waliokusikia wanisome.

Nikukumbushe, maana naona sifa zimekufuta kichwa.

Unakumbuka siku za soko kule Mpondwe? Tulikuwa tumemaliza chuo cha ufundi, wewe ukiwa umefaulu kwa kukaa karibu na mimi. Tulipanda gari mpaka kwenu Bwera, tukamsalimia mama yako, kisha tukashuka sokoni kuwatafuta akina mama wa Kongo waliokuwa wakiuza mabaki ya mashine kwenye makarai. Mimi nilichutama nikichagua bodi kuukuu zenye chipu ninazozihitaji. Wewe ulisimama juu yangu ukipiga domo. "Chagua, mutoto yangu, yote iko muzuri, ilitoka mu masini ya bazungu," mama mmoja aliniambia. Ukamjibu kwamba mimi ni mwanafunzi wako, unanifundisha. Nilicheka, nikakuachia. Nilikupenda, sitaficha, na mtu akipenda humwona mpenzi wake mcheshi hata pale anapoibiwa mchana kweupe.

Zile chipu, kwa faida ya wasomaji wasiozijua, ni za aina ya zamani. Mgongoni zina kidirisha kidogo cha kioo, sisi tulikiita jicho. Jua kali likiingia kwenye jicho hilo kwa siku kadhaa, yote yaliyoandikwa ndani yanafutika, na chipu inakuwa tupu, tayari kuandikwa upya kwa mashine ya kuchomea. Wenye vifaa hutumia taa maalumu. Sisi tulikuwa na jua la Kasese, ambalo halina huruma. Kwa hiyo nilizipanga chipu juu ya mabati ya jiko letu pale Nyamwamba, macho yakitazama juu, na nikishamaliza kuandika gemu ndani, nililifunika jicho kwa utepe mweusi wa umeme ili jua lisiingie tena. Kufuta ni jua, kutunza ni utepe. Hata kuku wetu wangelielewa hilo.

Mlinzi wa chipu alikuwa baba yangu. Mzee alikuja kutoka Kenya akiwa kijana, akafanya kazi kwenye tanuru la saruji mpaka kifua kikachoka, akastaafishwa. Alikuwa anaanika mihogo yake uani na chipu zangu juu ya mabati, akikaa na fimbo ndefu kufukuza kuku na kunguru. "Hii mihogo yako inakauka pole pole sana," alinitania. "Kwani tutasaga lini?" Alikuwa akipanda ngazi mwenyewe kuzigeuza zilizolala upande, na mimi nikimpigia kelele ashuke.

Wewe ulikuwa wapi? Kivulini, kwenye mkeka, na chai yenye sukari ya watu watatu. Ulikuwa ukitoa ushauri. Katika miaka yote ile hukuuliza hata mara moja kwa nini tunaziweka juani, na mimi, kwa ujinga wa mapenzi, nilidhani huulizi kwa sababu unajua.

Halafu unakumbuka siku ile, maana ulikuwepo. Mzee alikuwa na mashine ya gemu aliyoninunulia nikiwa mdogo, na mwishowe ikawa yake kuliko yangu. Kaseti zake zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine. Nikachukua ganda la kaseti moja iliyokufa, nikang'oa vya ndani, nikalehemu chipu zangu kwa nyaya nyembamba, nikaijaza gemu alizozipenda. Orodha ya gemu inayotokea kwenye skrini niliiandika kwa majina yake mwenyewe, maana Kiingereza cha zile gemu hakikumhusu. Ile ya matofali yanayoanguka aliiita Tanuru, kwa sababu, alisema, "inakuletea tu, haikupi nafasi ya kupumua." Ile ya vifaru vya vita ilikuwa Askari wa Geti. Ile ya pikipiki ilikuwa Boda ya Bwera, kwa heshima yako, eti kwa vile wewe hukosi kufika mwishoni ukiwa umepinduka. Mzee alikuona vizuri, ila alikupenda hivyo hivyo.

Juu ya orodha hiyo nikachora herufi moja moja, zikasomeka: POLE NA KAZI, MZEE.

Alipowasha, alivua kofia. Tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa akimwambia pole na kazi. Majirani walimwambia shikamoo, pole na kifua, umeshindaje. Kazi hakuna aliyeitaja. Akasema, "Hii televisheni inanijua." Na wewe ukaruka kutoka kwenye mkeka ukapiga makofi, ukasema tumeweza, wewe ambaye chuma cha moto hujawahi kukishika hata kwa bahati mbaya.

Tuje kwenye uliyoyafanya. Mzee alipolazwa kwa kifua, mimi nikiwa hospitalini namshikia kikombe, wewe ulibeba kompyuta yangu na mashine ya kuchomea ukaenda navyo Bwera kufungua ukumbi wa gemu za mpira. Niliporudi nyumbani nikakuta meza ina mraba mmoja usio na vumbi. Nikakupigia simu. "Ah, niliifomati," ukaniambia, kwa sauti ya mtu aliyenisaidia kufagia. "Zile file za zamani zilikuwa zinajaza tu." Kazi yangu yote uliiita file za zamani! Nikakuambia kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba sasa nakala iliyobaki ni ile iliyo ndani ya kaseti ya baba peke yake. Ukasema, "Hakuna shida."

Na kweli kwako hakuna shida, maana wiki hiyo hiyo, mzee akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, ulimwendea mimi nikiwa kazini. "Mzee, nipe hii kaseti kidogo, niwaonyeshe watu ya Bwera. Ijumaa narudisha." Akaifunga kwenye kitambaa chake, akakupa kwa mikono miwili. Ulijua hawezi kukunyima. Kwetu mkwe akiomba, baba mtu hutoa, na akishatoa haombi kurudishiwa, ni aibu kubwa. Hata mimi alinikataza. "Usimwaibishe mkwe wangu kwa ajili ya mchezo," alisema. "Amesema Ijumaa." Ulitumia adabu ya mzee kumwibia.

Sasa nikueleze Ijumaa zilivyokuwa, kwa sababu hukuziona. Mzee alioga mapema. Alifuta mashine vumbi, akaunganisha waya za televisheni, akaweka pedi ya kuchezea juu ya stuli, akakaa na kofia yake magotini. Magari ya Bwera yakipita alikuwa akiinua shingo. Giza likiingia alikuwa akikutetea. "Labda mvua imeharibu barabara." "Labda mama yake ni mgonjwa." Alikutungia sababu nyingi kuliko ulizowahi kujitungia mwenyewe, na wewe ni bingwa. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwa nguvu ili nisimjibu. Pia alianza kuniuliza kwa mzunguko, asije akaonekana anadai: "Eti, ile Tanuru, siku hizi wanacheza wapi?"

Alikufa akiwa bado anasubiri. Sisemi kaseti ingemponya kifua. Nasema angekuwa na kitu cha kumwambia pole na kazi.

Ulikuja mazishini na miwani ya jua. Ukasimama ukaongea, ukamwita baba yako wa pili, akina mama wakalia, hata kuhani akatikisa kichwa kwa huzuni. Uliongea vizuri, sikatai. Kaseti hukuja nayo.

Aliyeileta ni dada yako Biira, baada ya wewe kuufunga ule ukumbi na kukimbilia Kampala. Alikaa kwenye benchi la kibanda changu, akatoa kitambaa cha mzee mkobani, bado kimefungwa fundo. Nikaifungua kaseti. Skrubu hazikuwepo. Utepe mweusi ulikuwa umebanduliwa wote, na macho ya chipu yalikuwa wazi. Nikaichomeka kwenye televisheni ya kibandani, kukatoka kijivu kitupu.

"Dada, usinichukie," Biira alisema. "Kaka alitoa ile plastiki nyeusi, alisema batu baone jicho inang'aa. Akaiweka ku dirisha ya mbele ya ukumbi, jua inapiga siku yote. Kisha maandishi ya ku televisheni ikaanza kupotea, herufi moja, ingine. Akasema ni maji imeingia. Akaianika ku mabati, siku mingi. Alisema ni vile munafanyaka kwenu."

Ni vile tunafanya kwetu!

Masereka, kumbe miaka yote ile, pale mkekani, ulidhani tunazikausha! Ulidhani mimi na baba tunapanda na kushuka ngazi kwenye jua la saa saba ili kutoa unyevu, kama watu wa kahawa. Ulikunywa chai yetu, ukavaa jina la fundi, ukawadanganya akina mama wa Mpondwe kwamba unanifundisha, na hukujua hata kitu kimoja ambacho mzee asiyesoma mambo ya umeme alikijua kwa kutazama tu. Kaseti ikaanza kufa kwa jua, nawe ukaipeleka kwenye jua zaidi. Ningejua umeiharibu kwa ubaya, labda ningekuchukia, na chuki ni heshima ya aina fulani. Lakini ni upumbavu tu, upumbavu wenye miwani. Nilicheka mpaka Biira akaogopa, kisha nikalia, na yeye ndiye aliyenishika.

Basi hiyo ndiyo habari ya kaseti uliyoisimulia redioni. Zangu ni hizi. Nilipata mashine nyingine ya kuchomea, na kompyuta ambayo nimeifungia kwa kufuli. Nikazitafuta gemu zile zile moja moja, nikaiandika orodha upya kwa kumbukumbu, Tanuru, Askari wa Geti, na hata Boda ya Bwera sikuiondoa, kwa sababu jina alilitoa mzee. Siku hizi watu wa hapa mjini wananiletea mashine zao za zamani niwatengenezee. Moja ipo Ibanda kwenye duka la chai. Nyingine ipo Nyakalengija, kwa wapagazi wa mlimani. Juzi mmoja wao aliniambia kwamba wanaposhuka kutoka kwenye barafu, migongo imekatika, kitu cha kwanza wanachowasha ni hiyo, wakae tu wasome yale maneno ya juu kabla ya kucheza. Aliniuliza huyo Mzee ni nani. Nikamweleza, na alinisikiliza mpaka mwisho.

Kila kaseti inayotoka mezani kwangu inafunguka kwa maneno hayo. Hilo linanifurahisha kiasi cha kunitoa machozi, na linaniuma pia, maana anayesalimiwa hayupo. Wewe sitakutengenezea. Si kwa hasira. Sina tu sababu ya televisheni yako kukuambia pole na kazi.

Lakini wageni wako wasirudi mikono mitupu, nisije nikaambiwa sina ukarimu. Pamoja na barua hii nimempa Biira ile kaseti yenyewe, ya kwanza, ile ya redioni. Sijaigusa ndani. Naweza kuziandika upya chipu zake kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, ila nimeziacha kama ulivyoziacha, na juu ya kila jicho nimebandika utepe mpya ili pasiongezeke wala pasipungue kitu. Ichomeke mbele yao. Kitatoka kijivu, kuanzia juu mpaka chini. Waambie bila kukohoa kwamba umeifanya peke yako, na safari hii utakuwa umesema kweli.

Kitambaa sijakituma. Hicho ni cha baba.

Ni mimi,
binti wa mzee uliyemwambia Ijumaa.