Mawazo Gani?

Sitalike, 1996

Dada Ester, shikamoo. Huku ni vumbi tupu, na viboko wa mtoni wanakoroma hata mchana.

Shangazi anapika, kisha anarudi kitandani, haongei. Majirani wanasema, "Ana mawazo," wanaondoka. Leo nesi wa zahanati alipita nyumbani, akamuuliza, "Mawazo gani, mama?"

Shangazi akasema, "Kwamba sina faida kwa mtu yeyote."

"Ugali wa leo kapika nani?"

"Mimi."

"Kala nani?"

Shangazi akaninyooshea kidole. Nilikuwa bado natafuna.

Hajapona. Nesi atarudi wiki ijayo. Nyie mkimwandikia, msimwambie aache mawazo. Muulizeni ni yapi.

Wasalimie watoto, nimewakumbuka.

Mdogo wako, Rehema