Spika ya Besi Nyuma ya Kiti

Magogoni, Kisauni,
Mombasa.
Jumapili, 8 Septemba 1996

Kwako dada yangu mpenzi Mwanabibi,

Shikamoo dada. Salamu zangu zikufikie hapo Msambweni, wewe na shemeji na watoto wote, zikukuteni na uzima. Natumai ule mguu umepoa na sasa unakwenda kisimani bila ya fimbo. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa uchovu, na uchovu si maradhi ya kumpelekea daktari. Kadzo anakuamkia sana, na asema wifi anayeoza binti asijifanye kusahau kanga ya wifi yake, kwa kuwa yeye hatasahau kuidai.

Kanda yako niliipata kwa mkono wa yule mama aliyekuja kununua mitumba Kongowea, pamoja na maagizo yako mawili. La kwanza, pikapu yangu ndiyo ibebe vyombo vya bi harusi kutoka kwako hadi kwa wakwe zake Likoni, tena iwe na spika ya besi, kwa sababu upande wa bwana harusi wamesema sisi tutaleta vyombo kwa mkokoteni. La pili, niisikilize kanda na nikwambie kweli kama sauti yako imezeeka. Umesema unataka kumwimbia binti yako mwenyewe siku hiyo, na hutaki wakwe wakucheke. Nikisema imezeeka utanyamaza umwachie mwengine, nikisema haijazeeka utasimama. Umesema humwamini mtu mwengine ila mimi. Swali hili limeninyima usingizi, dada, na nitalijibu humu humu. Niache tu nianze na besi, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye jibu.

Wajua kwamba tangu kile kiwanda cha misumari Changamwe kitupunguze kazi, hii pikapu kuukuu ndiyo shamba langu. Naiegesha Bombolulu asubuhi nangoja mtu anayehama, au gunia la mtu, au kitanda. Kazi yenyewe imekuwa ya kuchosha mno. Watu wamekuwa wengi wenye magari, na siku hizi hata kabati halihami bila muziki. Mara nyingi nimeona mteja akiipita pikapu yangu na kuchagua gari la nyuma yangu lililo bovu kuliko langu, kwa sababu tu linadunda. Kwa hivyo agizo lako halikunikasirisha. Nililipokea kama mtu aliyeambiwa abebe mzigo mmoja zaidi akiwa tayari ameinama.

Nilimwendea Musyoka, yule jirani yetu Mkamba, fundi wa umeme wa magari. Nilimweleza nataka besi ya kutosha arusi lakini mfuko wangu anaujua. Musyoka alinikalisha akanisomesha kama mtoto wa chuoni. Alinambia nisidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi, kwa maana kuandika ni bure. Niiinue spika na nipime uzito wa sumaku yake, kwani mwenye pesa kidogo hununua uzito, hanunui jina. Niibonyeze ile karatasi ya usoni mwa spika kwa vidole vyote nione kama inashuka sawasawa. Tena nisichukue kubwa, kwa vile pikapu haina nafasi ila ule upenyo nyuma ya kiti, na spika ya inchi kumi na mbili ingenisukuma mbele mpaka nikaendesha usukani ukiwa tumboni. Mwisho alisema ipigwe kwa nguvu mbele yangu, na nikisikia inakoroma niiache papo hapo. Alitaka kwenda nami, lakini akapata habari za msiba kwao Machakos, akapanda basi la kwanza.

Basi nilikwenda peke yangu kwa Garama, muuza spika kuukuu karibu na soko la Kongowea. Ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa mpya, inametameta, na wati zilizoandikwa zingetosha kuwasha taa za mtaa mzima. Niliiinua nikaiona nyepesi kama sahani ya bati. Ya pili ilikuwa ya muziki wa nyumbani, na Garama mwenyewe alinionyesha kwa mikono kwamba haitapatana na amplifaya ya gari. Ya tatu ilitoka kwenye gari la Kijapani lililogongwa. Inchi kumi, nyeusi, haina uzuri wowote, lakini nilipoiinua mkono ulishuka. Garama akaipiga. Nikaweka kiganja juu ya karatasi, nikahisi ngoma ikinipanda kutoka mkononi hadi begani, nami nikafurahi furaha ambayo sijaipata siku nyingi. Garama alikuwa akizungumza nami wakati wote huo. Nikatikisa kichwa. Akasema tena, nikatikisa kichwa na kucheka kidogo. Akanipunguzia bei pasi na kuombwa, nami nikaondoka nikimwombea dua.

Musyoka aliporudi alichonga sanduku la mbao jembamba akaliingiza nyuma ya kiti, na juu ya paa akafunga spika mbili ndogo. Majirani walikuja kutazama, si unajua Magogoni. Musyoka akatia kanda akapandisha sauti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani, besi inanidunda mgongoni, nikainua kidole gumba juu kuwaonyesha watu kwamba mambo yamekubali. Watu walikuwa wamekunja nyuso, na watoto wameziba masikio. Musyoka akazima. Alileta uso wake karibu na wangu akasema hii spika inakoroma kama mzee mwenye pumu, na je, yeye alinifundisha nini? Niliona haya, na wajua haya yangu hutoka kwa sura ya hasira. Nikapiga kelele kwamba Garama ni mwizi, na kwamba kesho nitamtolea aibu sokoni kwake.

Kesho yake Kadzo alishika njia pamoja nami bila kualikwa. Tulipofika nilimwagia Garama maneno mengi sana. Siku hizi nasema sana, dada, hukuona hata barua zangu zimekuwa ndefu? Garama aliningoja nimalize, kisha akasema na Kadzo. Mimi niliona mdomo na kidole tu. Maneno yenyewe nilikuja kuelezwa baadaye. Aliapa wallahi kwamba siku ile alinambia waziwazi karatasi imechanika upande wa chini, na ikipandishwa inakoroma. Alinambia mara ya pili, akaona naitikia na kucheka, akadhani mimi ni mtu wa kujua kuiziba mwenyewe. Ndiyo sababu akapunguza bei.

Wewe wamjua wifi yako na mdomo wake. Nilingoja amrarue Garama. Badala yake alirudi nyuma yangu, karibu na mlango, akaniita kwa jina langu, Tsuma, jina ambalo tangu nimwoe hajalitamka mbele za watu. Garama aligeuka kumtazama na wateja wakageuka. Mimi nilikuwa nikitazama spika. Aliponigusa bega ndipo nilipomwona analia.

Dada, mimi sisikii. Hilo ndilo nililokuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Zile mashine za misumari zilinila masikio polepole, nami nilitoka kiwandani nikidhani nimetoka nayo. Kwanza walinyamaza ndege. Kisha watoto, kisha wanawake. Wanaume nawasikia mvumo tu, maneno nayaokota midomoni mwao. Ndani ya kichwa mna mlio kama wa nyenje, hauzimiki. Mwezi wa Ramadhani lori lilinipigia honi kutoka Kibarani mpaka daraja, na dereva akashuka akaja kunitukana dirishani. Nikamwitikia kwa kichwa, akazidi kukasirika. Sikumwambia mtu. Nani atampa kitanda chake dereva kiziwi? Nikajifunza kuitikia. Namtazama mtu usoni, nakisia, natikisa kichwa. Kuitikia huku kunachosha kuliko kubeba makabati, wallahi. Nikirudi jioni mifupa yote iko salama lakini sina nguvu hata ya kuvua viatu.

Na lililonichoma zaidi si hilo. Kadzo alinambia siku ile, akiwa amenielekea na kusema taratibu, kwamba mwaka mzima amekuwa akinisemesha kutoka jikoni nami simjibu. Akaona nimemchoka. Akaamua kunyamaza, asije akajidhalilisha. Nami nilikuwa nimeliona hilo, dada. Nilimwona anavyonywea, nikamwacha aamini hivyo. Niliona afadhali mke wangu anione mwenye kiburi kuliko anione kiziwi. Nimemwomba radhi. Amenisamehe, asema, lakini bado ananitazama sana.

Garama alikuwa mtu wa haki, akatubadilishia. Safari hii Kadzo ndiye aliyesikiliza, sikio lake juu na kiganja changu chini. Mbili alizikataa kwa kutikisa kidole. Ya tatu, ndogo kuliko zote na kuukuu kuliko zote, yeye alitabasamu nami nikaihisi begani, tukakubaliana. Ndiyo iliyo nyuma ya kiti sasa. Waambie wakwe zako kuwa mkokoteni unadunda.

Sasa jibu lako. Tulikaa garini, mimi na yeye, tukaipiga kanda yako. Ngoma niliisikia yote. Wewe sikukusikia. Nilijua umeanza kuimba kwa sababu Kadzo aliinamisha kichwa. Tuliirudia, nikaegemeza kichwa kwenye kiti, nikafumba macho, na bado ilikuwa ngoma tupu. Kadzo asema sauti yako haikuzeeka, ila pale juu imeanza kukwaruza. Uuteremshe wimbo kidogo tu, na usimame uimbe. Nilimwuliza mara mbili kama anakuonea haya kwa uwifi. Akasema wewe na yeye hamjawahi kuoneana haya hata siku moja.

Mimi mara ya mwisho kukusikia ilikuwa Idi ya mwaka juzi, ulipokuwa ukiosha vyombo uani kwangu. Sikujua kwamba ndiyo ya mwisho. Nilikukatiza katikati ya wimbo nikuulize chumvi iko wapi.

Gari sijui kama nitaliuza au vipi. Kwa sasa Kadzo hukaa kando yangu, na honi ikilia hunigusa paja upande gari linakotokea. Siku ya arusi yeye atakuwa na nyinyi wanawake, kwa hivyo Musyoka ndiye atakayeendesha, nami nitakaa upande wa pili.

Msalimie shemeji, na bi harusi mwambie mjomba anamwombea kheri. Mama mkwe wako mpe mkono wangu wa heshima. Siku tutakayofika tutekee maji mengi, maana vumbi la njia hiyo nalijua.

Na jambo moja tu nakuomba. Wewe kila ukiimba una desturi ya kunitafuta katikati ya watu nikutikisie kichwa, ndipo uendelee. Najua utanitafuta. Nami nitatikisa, dada, kwa kuwa kichwa hiki kimeshazoea. Usikiamini. Mtazame Kadzo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Tsuma