Fungu la Samaki la Yaya Tamar

Butembo, tarehe 14 Oktoba 2001

Mpendwa Yaya Tamar, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi yetu. Je, u mzima? Shemeji Salomon na watoto wanaendeleaje huko Kinshasa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio unaolegea. Barua hii naipitisha kwa jirani yetu Esdras, yule mfanyabiashara. Anakwenda Kampala, na huko atamtafuta mtu wa kuivusha hadi kwenu. Tangu vita ikate nchi vipande viwili, barua inazunguka sana kabla ya kufika, kwa hiyo usihesabu siku.

Mvua ni nzuri, maharagi yamekubali. Njia ya Kirumba leo wazi, kesho imefungwa. Ndege ikitua Rughenda, watu hutoka nje kuangalia kama inashusha mizigo au askari.

Sasa kazi yangu, ile unayonichekea. Bado nachunga panya. Profesa Melchior alikimbia mwaka wa kwanza wa vita hii, akaniachia ufunguo wa maabara, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuudai. Nilikueleza jinsi nilivyowagawa panya wazee, wale walioanza kusahau. Kundi moja lilikula fufu ya muhogo na mafuta tu. Lingine nililiongezea mboga za majani na samaki. Kisha niliwaingiza mmoja mmoja kwenye sanduku la vijia vingi, nione nani anakumbuka pale karanga ilipofichwa. Wa samaki walifika upesi. Wa muhogo walizunguka, wakakaa kwenye kona, wakanitazama tu.

Mama naye alikuwa ameanza kunitazama hivyo. Ndiyo maana, makayabu, wale samaki wa chumvi, yalipoadimika sokoni, nilichukua fungu la panya wangu nikampelekea yeye. Kila Jumamosi nilimtuma chumvi jikoni, nikangoja kuona kama atarudi nayo. Mwezi wa saba alirudi nayo mara tatu mfululizo, na akaanza kukutaja wewe kwa jina. Nikakuandikia kwa furaha kwamba samaki wanamrudishia akili. Unisamehe, Yaya. Nilikudanganya bila kujua.

Wiki mbili zilizopita Hulda, binti anayeshinda na mama nikiwa kazini, alisikia harufu chumbani. Akavuta kitunga chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vipande vya samaki, kila kimoja kimefungwa kwa jani la mgomba na kukazwa kwa kamba, vile alivyokuwa akituwekea chakula tukichelewa shambani. Hakula hata kimoja. Unajua kwetu ni aibu mtoto wa kiume kumkodolea mama yake macho akila. Basi nilikuwa naweka sahani mbele yake, nageuka, naondoka. Mimi ninayepima chakula cha panya hadi chembe ya mwisho!

Nilimwuliza samaki hao ni wa nani. Alinijibu kwa upole.

“Ni ya Tamar. Eko mu njia. Akifika na njaa, nitamupatia nini?”

Nikajikaza, nikamwuliza kama mimi ananijua.

“Ndiyo. Weye ni ule mutu wa panya. Aksanti, unatuleteaka samaki.”

Nilitoka nikalia nyuma ya nyumba. Nakuonea wivu, niseme kweli. Mimi ndiye ninayemwosha miguu kila siku, na wewe uliyeondoka miaka sita iliyopita ndiye uliyebaki moyoni mwake. Nyumba ina vyumba vinne, tuko wawili, na mmoja hamjui mwenzake. Siku nyingine nakaa maabara hata kazi ikiisha, kwa sababu panya wakisikia hatua zangu wanasogea kwenye waya. Nao siku hizi wote wanazunguka tu. Samaki wao hawakuwafaa wao wala mama.

Lakini linalonitisha ni hili: amekonda sana. Sasa hata maharagi ameanza kuyafunga kwenye jani. Nimemwambia kwamba wewe unakula vizuri huko uliko, haniamini. Mimi ni mtu wa panya tu. Barua yako ataiamini. Ile ya zamani bado iko ndani ya Biblia yake, na hamruhusu mtu kuigusa. Kwa hiyo nakuomba uandike, hata mistari miwili, kwamba umekula na umeshiba, na sasa yeye ale fungu lake. Nitamsomea kila saa ya chakula, na safari hii nitakaa namtazama, aibu au si aibu.

Nisalimie shemeji, na Ornella na Jokébed, ambao sijui wamerefuka kiasi gani. Mama mdogo Abigaïl wa Beni anakusalimu, Hulda vilevile. Mungu awafunike kwa mkono wake mpaka njia zifunguke.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukosa,

Sikuli

N.B. Ukiandika, tia na jina langu humo. Mwambie mama kwamba Sikuli ni mtoto wake. Akilisikia kutoka kwako atakubali.