Pembe ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepima vifaru. Yaani mafuvu na pembe zao. Chumba kipya cha ukoo wa kifaru kinafunguliwa mwisho wa mwezi, na kila lebo inataka uzito. Mtunza mifupa wa makumbusho ni mimi, kwa hiyo mgongo unaouma ni wangu. Pembe ya mbele ya yule kifaru mweusi wa zamani: rejesta inasema kilo tatu kasoro kidogo. Mizani inasema mbili na robo! Nimepima mara nne. Nikamwambia Mkuu wa idara. Hata macho hakuinua: pembe hukauka, andika ulichokiona.

Hukauka, sawa. Lakini hii imekaa kabatini miaka arobaini — ilikuwa inangoja nini?

Machale yamenicheza.

Jumanne, 4 Machi

Pembe ya kifaru haina mfupa. Ya ng'ombe ina mfupa ndani; ya kifaru ni kama kucha tupu, nyuzi zilizogandamana toka kitako hadi nchani. Ikitoka, kwenye fuvu hubaki vinundu tu, kama jiwe la kusugulia nyayo. Ndivyo tunavyojua nani alikuwa na pembe, hata kama ukoo wake ulikwisha kale. Lile jitu la kale linalochorewa picha ya ukutani, kifaru mrefu kama twiga, fuvu lake pale puani halina vinundu hata kimoja. Halikuwa na pembe, basi.

Nimechukua ile pembe nyepesi, nikaiweka juu ya fuvu lake. Ilipaswa kukaa kama mguu kwenye kiatu cha siku zote. Inacheza! Kama meza yenye mguu mfupi.

Alhamisi, 6 Machi

Funguo za kabati ni mbili tu, wangu na wa Mkuu. Leo nimepita mlangoni kwake taratibu, eti natafuta stepla. Yuko kwenye simu, sauti chini: mbili zimeshatoka, ya tatu asubiri kidogo. Nikarudi stoo bila stepla.

Saa nane fundi picha akaleta picha za ukutani. Mbili. Ya tatu haijakauka rangi. Kumbe ni hizo.

Nimeona haya. Lakini roho haijatulia.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu yuko kikaoni. Nimejifungia stoo, nikapasha sindano moto, nikaichoma ile pembe kwenye kitako. Harufu ya nywele zilizoungua, kama pembe ya kweli. Alhamdulillahi! Kisha nikachoma ncha. Plastiki — kandambili kwenye moto!

Nikajaribu pembe zote tano za kabatini. Tatu bandia. Mbili hazina hata aibu, plastiki juu mpaka chini. Lakini hii nyepesi... hii ni kazi ya fundi. Kitakoni amepandikiza nyuzi za kweli, mmoja mmoja. Nimeng'oa mmoja, nikauangalia kwa hadubini.

Singa za mkia wa farasi.

Farasi na kifaru ni ndugu wa mbali. Babu mmoja, farasi akabaki na kidole kimoja mguuni, kifaru vitatu. Aliyefanya hivi alikuwa anajua, au alikuwa anatania. Na kwenye jengo hili mfuko wa singa uko mahali pamoja tu — karakana ya sanamu, ambako fundi sanamu anazishona kwenye masikio ya kifaru wa manyoya, yule wa nchi za barafu.

Mjomba wangu.

Mwaka jana nilipolazwa kujifungua, ufunguo wangu alikaa nao yeye. Wiki sita.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa Mjomba. Nimekwenda, ningesemaje? Baba alipofariki ni yeye aliyenilea, ni yeye aliyenifundisha kusafisha fuvu kwa mswaki bila kuvunja jino. Leo alikuwa na maneno mengi. Kifaru mweusi si mweusi, kifaru mweupe si mweupe, wote rangi ya jivu! Mmoja mdomo umechongoka wa kuchuma majani, mwingine mpana wa kufyeka nyasi, na watu wanaangalia ngozi tu. Tukacheka.

Kisha, anakata nyama:

"Ile mizani yenu mmeshaitengeneza?"

Mizani. Nilimwambia Mkuu peke yake.

"Nani kakwambia ni mbovu, Mjomba?"

"Aa, mnalalamika kila siku."

Hakuniangalia usoni. Nilipokuwa naosha vyombo na mkaza mjomba, akaninong'oneza kuwa barua ya kustaafu imefika, na tangu hapo mzee halali vizuri. Anasema miaka thelathini watu wamemsifu mnyama, mikono hakuna aliyeiona.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepiga moyo konde. Nimemwambia Mkuu kila kitu — isipokuwa singa.

Akacheka! Akasema pembe za kweli ziko kwenye sefu kwa hofu ya wezi. Nakala alitengeneza mjomba wako kwa amri, alikatazwa kusema, hata kwako. Akanionyesha barua ya agizo. Nusura nimkumbatie. Nimejiona mpumbavu, mwenye roho mbaya, mpwa asiye na shukrani.

Halafu nikaisoma tena. Nakala mbili. Bandia nilizochoma ni tatu.

"Mbili, Mkuu?"

"Mbili."

Kicheko kikamkauka. Kesho saa nne anafungua sefu, tuhesabu. Mjomba naye kaitwa.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu na nusu. Stoo.

Mjomba amekuja mapema. Amevaa shati la kutokea. Ana mfuko wa turubai, ameupakata. Nimemwambia auweke mezani, akasema hapa panatosha.

"Mjomba, ulitengeneza ngapi?"

"Waliagiza mbili."

Akauvuta mfuko karibu. Kisha, taratibu, kama alivyokuwa akinibembeleza nile nilipokuwa naumwa:

"Mwanangu, hebu nenda kanywe chai. Dakika tano. Kabati liache wazi."

Sijawahi kumwacha mtu humu. Anajua, sheria hiyo alinifundisha yeye. Nimesema sina kiu, naandika lebo. Ndiyo ninachojifanya kuandika sasa.

Mfuko si mtupu. Chini umening'inia kwa uzito, na mikono yake imeukaza mdomo.

Viatu vya Mkuu kwenye ngazi. Mjomba kasimama.

"Mwanangu."

Nikitoka, sitajua alitaka kutoa nyingine au kurudisha ile ya kweli. Nisipotoka, Mkuu atamkuta na huo mfuko —