Mguu Wangu na Kikao cha Mjomba

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua chako kimetulia? Na wanangu wanakula, au wanakudekea tu? Mimi nipo, alhamdulillahi, ila hofu inanila huku Dar es Salaam. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikianza kusema nalia.

Majibu ya kile kinyama walichokata kupima yametoka. Ule uvimbe wa pajani, tuliodhani ni msuli umevimba kwa kubeba magunia ya korosho, ni saratani ya nyama laini. Daktari, mama mmoja mpole, amenikataza kuukanda kwa maji ya moto. Lakini amesema si kukanda kulikouleta, kwa hiyo usianze kujilaumu, nakujua.

Wataanza na mionzi ili uvimbe usinyae, halafu operesheni ya kuutoa pamoja na nyama inayouzunguka, mguu ubaki. Dawa za dripu kwa aina yangu hazisaidii sana. Ila wakifungua wakakuta umeshika mshipa mkubwa wa damu, huenda mguu ukakatwa hapo hapo. Niliitikia "sawa" kama mtu mzima, kisha nikaenda kujifungia chooni.

Nikampigia mjomba Athumani, maana kwetu Kikole bila yeye hakuna linaloamuliwa. Akasema, "Mguu wa mpwa wangu haukatwi mpaka ukoo ukae. Mwambie daktari atusubiri tumalize korosho."

Nikamwambia daktari hivyo hivyo. Hakucheka. Akasema, "Mjomba wako mheshimu, lakini ugonjwa huu hausubiri mavuno."

Mama, nimekubali peke yangu. Mionzi inaanza Jumatatu na mjomba hajui. Akisikia atasema nimemvunjia heshima, na labda ni kweli, lakini naogopa kufa kuliko ninavyomwogopa yeye. Mweleze wewe dada yake, taratibu, akishashiba.

Nisalimie bibi, aniombee dua. Dada Somoe mwambie ahsante kwa kunilelea watoto. Wakiuliza, awaambie mama anatibiwa, asiwadanganye kuwa nipo safarini.

Siku ya operesheni nitalazwa usingizi bila kujua nitaamka na nini. Mtu hata mmoja wa kunitia moyo sina huku, ndugu sina. Naogopa kufunua shuka peke yangu. Njoo, mama, unifunulie wewe.

Mwanao,
Zainabu