Maranda ya Mtarakwa

Kericho, 9 Julai 1956

Mama Aoko,

Tangu nitoke nyumbani ni miezi saba. Mimi ni mzima, lakini soma barua hii upesi.

Siku hizi nafagia nyumba ya meneja. Sungura wa binti yake wanalala ndani, na choo chao ni sanduku la chai lililokatwa. Usicheke, wanakunya humo kama watu. Mimi ndiye ninayetandika maranda ya mtarakwa, yale mabaki ya mbao zilizopigwa randa, kwa sababu yananukia vizuri.

Asubuhi tumekuta mmoja amekufa. Wengine wanapiga chafya na macho yanatoa maji. Memsahibu, mke wa meneja, akanifokea, "Okoth! Hii mti harufu yake naua kifua! Weka nyasi kavu tu!"

Nikasimama kama nimepigwa rungu. Ni maranda hayohayo niliyojaza godoro la Aoko, jirani yetu Zacheus akakuletea Pasaka. Tangu hapo unaniandikia kwamba mtoto anakohoa, nami nikajibu ni baridi.

Zacheus amekuletea barua hii mbio. Toa godoro sasa hivi, umlaze mtoto kwenye nyasi kavu, umpeleke hospitali. Ruhusa nimenyimwa. Wanifukuze wasinifukuze, Jumamosi jioni utaniona mlangoni.

Baba Aoko