Ngozi ya Ukoo Wetu

Jumamosi, 4 Machi
Mteja kanikimbia leo! Nimeshamfunga kitambaa shingoni, akaona viwiko vyangu – wekundu, magamba meupe. "Abu Ramzi, hiyo haiambukizi kweli?" Haiambukizi! Kaenda kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Mke wangu Ibtihaj kasema basi, Jumatatu tukifunga duka, kwa daktari wa ngozi.

Jumatatu, 6 Machi
Daktari Rula. Mdogo kama binti yangu. Namwonyesha viwiko, ananipima presha! Binti yangu, nimeleta ngozi, si moyo. Akacheka. Soriasisi, ndiyo jina la ugonjwa wangu, haiishii kwenye ngozi, anasema. Uvimbe ule ule hufika mpaka kwenye mishipa ya damu. Si lazima moyo uumwe, ila hatari ni kubwa kuliko kwa wengine.

Akauliza baba alikufa na nini. Moyo. Miaka hamsini na mbili, palepale sokoni. Naye alikuwa na ngozi hii?

Baba hakuwahi kuvaa mikono mifupi, hata Agosti, jua likiwaka.

Alhamisi, 9 Machi
Majibu ya vipimo: presha juu, mafuta kwenye damu juu. Vidonge, dawa ya kupaka, sigara marufuku. Lakini maradhi ya moyo yanazuilika, kasema. Neno tamu hilo!

Ibtihaj kapunguza samli kwenye mansafu, wali wetu wa nyama na mtindi. Nikanung'unika. "Kula, mwanamume. Ujane siutaki."

Kaka yangu Wasfi ndiye ananikosesha raha. Hamsini na moja. Ngozi ile ile, mpaka kichwani. Nimempigia. Eti: "Siku hizi kinyozi naye daktari?" Akakata.

Ijumaa, 17 Machi
Nimemfuata Wasfi kwake, mjini Karak. Sikuhubiri. Nilikunja tu mikono ya shati, mbele ya wanawe. Akatazama weee. "Wekundu umepoa, mdogo wangu." Umepoa, nikamjibu. Kisha, polepole: siku hizi ngazi zinamkata pumzi. Hajamwambia mtu – hata mkewe!

Jumatatu, 20 Machi
Naandika kwenye benchi, kwa Daktari Rula. Wasfi yuko ndani. Kazima sigara mlangoni: "Nikitoka nawasha nyingine, usijipongeze."

Dakika nyingi sasa. Kapelekwa chumba cha pili, kupimwa moyo. Namsikia – anamweleza daktari habari za baba! Wasfi, ambaye hata jina la marehemu halitaji.

Mlango unafunguliwa. Daktari ananiita na mimi. Uso wake hauna kicheko, ila anasema: "Moyo una shida, lakini mmewahi."